Mtoto mdogo mwenye OCD: namna ya kumsaidia nyumbani, hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa na wazazi ni yale yale, na huwa mengi zaidi shule zinapofunguliwa. "Mwanangu wa PP2 (chekechea) ananawa mikono hadi ngozi inapasuka." "Binti yangu ananiuliza kama nimefunga gesi, nikimjibu anauliza tena." "Kijana wangu wa Gredi 2 anafuta herufi moja kwa raba mpaka karatasi inatoboka, homuweki inaisha saa nne usiku." Halafu linakuja lile la mwisho: "Nimchape, nimwombee, au nimpeleke hospitali?"

Nafanya kazi ya ushauri nasaha na watoto wa shule za msingi huku Eastlands, Nairobi. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa mtoto wa miaka 5 hadi 9 hivi, ili awe na pa kuanzia hata kabla hajapata siku ya kumwona mtaalamu.

Nadharia ni fupi. OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia, ina sehemu mbili. Kuna wazo linalomng'ang'ania mtoto bila yeye kulitaka: mikono ina vijidudu, mama atakufa, kitu hiki hakijakaa sawa. Kisha kuna kitendo anachojiona lazima akifanye ili hofu ishuke: kunawa, kukagua, kuhesabu, kugusa, kupanga, kuuliza. Hofu hushuka kweli, lakini kwa muda mfupi tu, na wazo likirudi linadai kitendo kile kile tena. Mtoto mdogo mara nyingi hawezi kukueleza wazo lenyewe. Atasema tu "haijakaa sawa", au atapiga kelele ukimkatiza.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo huwa tunaifanya sisi watu wazima. Tunajibu swali mara ya nane. Tunarudi ghorofa ya nne kukagua kufuli. Tunafua sare nzima kwa sababu iligusa kiti cha matatu. Tunafanya hivyo kwa upendo, na kwa uchovu pia, na kesho yake hofu inadai zaidi. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinakuhusu wewe kuliko mtoto.

KWANZA, HAKIKISHA UNASHUGHULIKA NA NINI

Karibu kila mtoto wa miaka 2 hadi 4 ana masharti yake: kikombe kile kile, blanketi lile lile, hadithi isirukwe hata neno. Hayo ni makuzi, yaache. Anza kuwa na shaka ikiwa vitendo vinakula muda mwingi (kipimo ambacho wataalamu hukitumia ni zaidi ya saa moja kwa siku), ikiwa mtoto anateseka anapozuiwa, au ikiwa shule, chakula, usingizi na michezo vimeanza kuharibika.

Usianze hatua hizi peke yako, nenda kwa daktari kwanza, ukiona mojawapo ya haya:

- Dalili zimezuka ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hasa baada ya kuumwa koo au homa, na zimeandamana na kukojoa kitandani, kukonyeza macho au kurusha mabega bila kutaka, mwandiko kuharibika, au kukataa kula. Daktari wa watoto amwone haraka.
- Anakonda kwa kukataa chakula, au hataki kunywa maji.
- Anajiumiza, au anasema anataka kufa.
- Hofu ya uchafu inahusu sehemu zake za siri, mtu fulani au nyumba fulani. Inaweza kuwa OCD, lakini hakikisha kwanza kwamba hakuna aliyemdhuru. Childline Kenya hupokea simu kwa namba 116 bila malipo, usiku na mchana.

VITU VYA KUWA NAVYO

Huhitaji kununua kitu kikubwa. Tafuta daftari la kurasa 32 na kalamu, simu yenye saa ya kuhesabu dakika, kopo la nusu lita kama tatizo ni kunawa, na vifuniko kumi vya chupa za soda. Tafuta pia vizawadi vidogo: stika, dakika za katuni, nafasi ya kuchagua chakula cha Jumapili. Kikubwa kuliko vyote ni robo saa kila siku ambayo huna haraka. Asubuhi basi la shule likiwa linapiga honi langoni si wakati wake.

HATUA

1. Tazama na uandike kwa wiki moja.

Usibadilishe chochote bado. Kila tukio liandikie mstari: saa, kilichotokea kabla, mtoto alifanya nini, mtu mzima alifanya nini, ilichukua dakika ngapi. Kwa mfano: "Jumanne, saa 12 jioni. Ametoka kwa matatu. Amenawa mara nne, ameniuliza mara sita kama kiti kilikuwa na damu. Nimemjibu zote. Dakika 35." Safu ya "mtu mzima alifanya nini" ndiyo ya muhimu zaidi, na ndiyo wazazi huiacha tupu. Ijaze.

2. Mweleze mtoto, na umpe adui jina.

Chagua wakati ametulia. Mwambie hivi: "Umewahi kusikia gari la jirani likilia usiku mzima pale parking, kumbe ni paka tu ameruka juu yake? Kichwani mwako pia kuna kengele kama hiyo. Inalia kwa nguvu, lakini mwizi hayupo." Kisha mwache yeye mwenyewe aipe kengele hiyo jina. Hapa nitaiita Kero. Mtoto akishasema "Kero ananiambia ninawe", amejitenga na tatizo, na wewe na yeye mnakuwa upande mmoja. Akitaka, achore sura ya Kero kwenye daftari.

Maelezo haya ni ya mara moja au mbili. Ukianza kuyarudia kila anapoogopa, yanageuka kuwa dawa nyingine ya kutuliza, na Kero atayadai kila siku.

3. Waweke watu wazima wote kwenye mstari mmoja.

Baba, dada wa kazi, nyanya aliyekuja kutoka ushago, kaka mkubwa anayemtoa shule. Mmoja akiendelea kujibu maswali, mtoto atamkimbilia huyo. Dada wa kazi msiende kumpa amri tu. Yeye ndiye yuko na mtoto saa nyingi, ameona mambo mengi kuliko wewe, kwa hiyo mkae naye, mumsikilize, mumwonyeshe daftari. Nyanya mwelezeni kwa heshima kwamba mtoto hanyimwi upendo. Mpe kazi yake: kumpongeza.

Ndugu zake wasimwite majina na wasimtanie kwa kugusa vitu vyake makusudi. Hilo lisimamieni kwa ukali.

4. Tengenezeni ngazi.

Andikeni pamoja vitu vinavyomtisha, kila kimoja akipe alama kwa vidole: kidole kimoja ni hofu ndogo, vidole kumi ni hofu kubwa kuliko zote. Pangeni kutoka chini kwenda juu. Ngazi ya mtoto anayeogopa uchafu wa matatu inaweza kuwa hivi:

- Vidole 2: kugusa begi la shule lililokuwa kwenye matatu, kisha kukaa dakika mbili bila kunawa.
- Vidole 3: kugusa begi hilo, kisha kushika rula yake.
- Vidole 5: kukalia sofa akiwa na sare, dakika kumi.
- Vidole 6: kugusa kiti cha matatu kwa kidole kimoja, kunawa baadaye nyumbani wakati wa chakula.
- Vidole 8: kukalia kiti kile alichokuwa anakikwepa, bila kutandaza leso.
- Vidole 9: kufika nyumbani na kucheza nusu saa kabla ya kunawa.

Ngazi isiwe na kitu ambacho mtu wa kawaida hafanyi. Hakuna haja ya kumshikisha maji ya mtaro.

5. Anzeni chini kabisa, kila siku.

Zoezi ni hivi: mnafanya kitu cha kwanza kwenye ngazi, kisha mtoto hafanyi kile kitendo ambacho Kero anadai. Kaeni naye. Kila baada ya dakika chache muulize, "Vidole vingapi sasa?" Utaona tatu inakuwa mbili, halafu moja. Usimfariji kwa kusema "hakuna vijidudu, usijali". Usimpe simu ili asahau. Anachopaswa kujifunza ni kwamba hofu inaweza kuwepo na yeye akaendelea kuishi, na kwamba inashuka bila kunawa. Siku nyingine itashuka kidogo tu. Hiyo pia inatosha, mradi hakufanya kitendo.

Rudieni zoezi hilo hilo mpaka limchoshe, ndipo mpande. Watoto wengine hukaa kidato kimoja cha ngazi wiki nzima, wengine siku mbili.

6. Punguza maswali kwa vifuniko vya soda.

Hatua hii naiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo inayowashinda wazazi wengi. Swali la OCD utalijua kwa sababu jibu halitoshi. Mtoto anayetaka kujua husikia jibu na kuondoka. Mtoto aliyeshikwa na Kero anakuangalia usoni, anauliza tena kwa maneno yale yale, wakati mwingine anataka ujibu kwa sauti ile ile.

Asubuhi mpe vifuniko kumi. Kila swali la Kero linagharimu kifuniko kimoja, na unalijibu mara moja, kwa ufupi. Jioni vifuniko vilivyobaki vinabadilishwa na dakika za katuni. Akizoea, mpe vinane, kisha sita, kisha vitatu. Vifuniko vikiisha, hujibu tena. Unasema sentensi moja tu, mliyokubaliana mapema:

"Najua inakuogopesha, na najua unaweza kukaa nayo."

Sentensi hiyo ina vitu viwili, unakubali kwamba anaogopa na unamwamini kwamba anaweza. Kimoja bila kingine hakifanyi kazi. Baada ya kuisema, endelea kukatakata sukuma wiki yako. Atauliza tena. Sema tena, kwa upole ule ule, au nyamaza ukiwa karibu naye. Ukikataa mara tisa kisha ukajibu ya kumi kwa hasira, atakuwa amejifunza kwamba ya kumi hujibiwa.

7. Kunawa: acheni kawaida, punguzeni ziada.

Nairobi kipindupindu hutokea, na shuleni wanafundishwa kunawa. Mtoto asiambiwe aache. Wekeni kanuni moja ya nyumba kwa wote: kabla ya kula, baada ya choo, na mikono ikiwa na uchafu unaoonekana. Sabuni, sekunde 20 hivi, suuza, kausha, ondoka.

Hapa kopo la nusu lita linasaidia sana, hasa kwa nyumba ambazo maji ni ya mtungi. Maji ya kopo yakiisha, kunawa kumeisha. Kama sasa anatumia makopo manne, yawe matatu kwa siku kadhaa, halafu mawili, halafu moja. Mfereji uliofunguliwa hauna mwisho. Sanitaiza ya begini nayo ipungue hivyo hivyo: kwanza ibaki kwa mwalimu, baadaye ibaki nyumbani. Mikono iliyopasuka ipakwe mafuta ya mgando kila usiku. Hiyo ni tiba ya ngozi, na haihesabiki kama zawadi.

8. Pongeza jitihada.

Usingoje amalize ngazi. "Umekalia sofa dakika kumi bila kunawa na vidole vilikuwa vitano. Umefanya kazi ngumu." Stika hapo hapo. Zawadi ikicheleweshwa hadi mwisho wa mwezi, mtoto wa miaka sita hawezi kuiona.

9. Nenda shuleni.

Ongea na mwalimu wa darasa ana kwa ana, si getini mbele ya wazazi wengine. Mwombe mambo matatu tu: asimwaibishe mbele ya wenzake, ruhusa ya choo iwe na kiasi mlichokubaliana, na kazi ya kuandika ipokelewe hata ikiwa na herufi iliyopinda. Kwa mtoto wa raba, mbinu rahisi ni kuandika kwa kalamu ya wino nyumbani, kosa likipigwa mstari mmoja na kuendelea. Kiboko shuleni kimepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na kwa mtoto huyu kinaongeza hofu anayopigana nayo.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kubwa ni kuondoa kila kitu siku moja. Mzazi anasoma, anapata ari, anafunga mfereji, anakataa maswali yote Jumatatu asubuhi. Hadi Jumatano nyumba haikaliki na mambo yanarudi palepale.

Lingine ni kumshtukiza, kwa mfano kumpaka uchafu "azoee". Mtoto lazima ajue zoezi ni lipi na akubali kulijaribu, hata kwa shingo upande. Ukimvizia, anapoteza imani kwako, na bila imani hiyo hakuna ngazi.

Usibishane na Kero. Ushahidi wote duniani hautamtosha. Usimcheke mtoto, usimsimulie kwa wageni akiwa sebuleni.

Kuhusu sala: familia nyingi huomba, na hakuna ubaya wowote. Tatizo ni pale sala yenyewe inapokuwa kitendo cha kulazimika, mtoto akirudia "Baba Yetu" mpaka aisikie imekaa sawa, au akirudia udhu mara nyingi kwa shaka tu. Hapo mwombe mchungaji au ustadhi wa madrasa amwambie kwa kinywa chake kwamba mara moja inatosha. Neno la kiongozi wa dini lina uzito ambao wewe huna. Na kama mtoto amekutajia wazo la kutisha, kwamba atamchoma mtoto mchanga kisu au atamtukana Mungu, usimkemee wala usimpeleke kukemewa. Wazo linamtesa kwa sababu hataki kulitenda. Mshukuru kwa kukuambia.

MTAALAMU, NA DAWA

Tiba yenye ushahidi kwa watoto wadogo ni hiyo hiyo ya kukabili hofu kidogo kidogo bila kufanya kitendo, mzazi akiwa ndani ya kikao. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa 2014 ulifuatilia watoto 127 wa miaka 5 hadi 8 kwa wiki 14. Waliopata tiba hiyo pamoja na familia zao, asilimia 72 walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 41 ya waliofundishwa kutuliza mwili pekee.

Nairobi unaweza kuanzia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo ina idara ya afya ya akili, au Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili kando ya Thika Road. Najua jina la Mathari linawaogopesha wengi. Mtoto anaonwa kliniki na kurudi nyumbani, kama anayekwenda kwa daktari wa meno. Gertrude's kule Muthaiga ni ya watoto, ila ni ya kulipia. Uliza gharama mapema, na uliza kama SHA, bima ya afya ya serikali, inahusika. Mtaalamu yeyote utakayempata, muulize maswali mawili: umewahi kumtibu mtoto mwenye OCD, na je, utafanya naye mazoezi ya kukabili hofu au mtazungumza tu? Jibu la pili ndilo linaloamua. Beba daftari lako.

Dawa hutumika hali ikiwa nzito au mazoezi yakikwama. Marekani, sertraline imeidhinishwa kwa OCD ya watoto kuanzia miaka 6. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia, wiki za kwanza mtoto huangaliwa kwa karibu kwa mabadiliko ya hisia, na haikatishwi ghafla. Mambo hayo yote yanahitaji daktari. Usinunue dawa ya akili ya mtoto kaunta.

IKIKWAMA

Analia na kukataa zoezi. Kidato ni kirefu mno. Kikate katikati: badala ya dakika mbili, sekunde ishirini. Badala ya mkono, kidole.

Ameacha kunawa, ameanza kuhesabu. Kero amebadilisha nguo. Usivunjike moyo, andika kitendo kipya kwenye ngazi na uanze nacho chini.

Vidole haviteremki kabisa. Mchunguze kama anafanya kitendo kimoyomoyo, kama kuhesabu au kusali kichwani, au kama anangoja tu muda uishe ili anawe. Mkimaliza zoezi, aendelee na mchezo, asielekee sinki.

Tunaishi chumba kimoja, akilia jirani wanasikia. Fanyeni zoezi mchana, jirani wakiwa kazini, au uwanjani. Mwambie jirani wa karibu mapema kwamba mtoto yuko kwenye matibabu na atalia kidogo. Wengi huelewa, na wewe hutajibu maswali kwa kuona haya.

Nimejibu kwa hasira, nikampigia kelele. Mwombe radhi kwa kelele, si kwa sheria. Sheria inaendelea.

Alikuwa amepona, amerudia. Hutokea akiugua, dada wa kazi akibadilika, mkihama nyumba, au shule zikifunguliwa. Fungua daftari, mrudishe vidato viwili chini ya pale alipokuwa amefika, mpe vifuniko kumi tena. Kwa kawaida mara hii hupanda haraka kuliko mwanzo. Zikipita wiki mbili bila mabadiliko, piga simu kliniki uombe kikao.